Ndege Zilikosana, Lakini Nani Alikosa?

Sitautaja uwanja wa ndege wala kampuni, kwa sababu mume wangu bado anapitia hapo akija nyumbani, na sitaki mtu amwangalie vibaya kwa ajili ya mdomo wangu. Lakini kilichotokea nitakisema. Nimechoka kuambiwa nishukuru.

Mume wangu anachimba visima kule kaskazini, mahali ambapo maji yako chini sana na mtandao uko juu ya kilima kimoja tu. Sisi tunakaa Molo, kwa mama yake, kwenye shamba la viazi. Mwaka huo likizo yake ilisukumwa mbele, ikasukumwa tena, na mtoto wetu akaanza kutembea baba yake hajaona. Basi akasema, njooni nyinyi, na mwisho wa mwezi ujao nitakuja mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na niseme ukweli, nilifurahia. Nilivaa sweta nzito kama mtu wa Molo anayejiheshimu, nikashuka kwenye lile joto nikahisi kama ng'ombe aliyefunikwa blanketi. Mume wangu alicheka mpaka akaketi chini.

Kwenda hakukuwa na shida. Ni kurudi.

Mtoto mdogo kama wangu hapewi kiti kwenye ndege, anakaa mapajani. Wanakupa mkanda mfupi unaoshikana na wako, halafu wanakuambia uko salama. Kando yangu alikaa mzee mmoja muuza mbuzi, kofia magotini. Mtoto alimvuta kalamu mfukoni, akamvuta ndevu, akarudi kwa kalamu.

"Mathe," mzee akaniuliza, "huyu umemzaa au umemwajiri? Mbona ananipekua kama askari wa barabarani?"

Tulikuwa tunaongea hivyo hivyo, tunacheka, ndege ikishuka. Ilishuka vizuri. Niliona mabati, nikaona ua wa waya, nikaona nyasi, na nyasi zikakaribia mpaka ningeweza kusema zilikatwa juzi. Nikamwambia mtoto, tumefika. Magurudumu hayakuwa yamegusa chini.

Hapo injini zikanguruma, na ndege ikainuka pua kama punda aliyechapwa. Nilibanwa kwenye kiti. Mtoto alikuwa amenigeukia, uso wake ukajigonga kwenye mfupa wa bega langu, na nikasikia meno yake. Nyuma mtu alipiga yowe, vikombe vikaanguka. Mimi nilikuwa dirishani. Nikatazama chini, na chini yetu, palepale tulipokuwa tunaenda kukanyaga, kulikuwa na ndege nyingine inakata barabara yetu ya kutua.

Watu huniuliza ilikuwa umbali gani. Sijui, sina futi ya kupimia hewa. Ninachojua ni kwamba niliona madirisha yake moja moja, na katika dirisha moja niliona mwanamke aliyefunga kitambaa cha manjano kichwani, anatazama juu. Alikuwa ananitazama mimi. Huyo mwanamke ninamuota mpaka leo. Sijui kama ana watoto. Sijui kama aliambiwa na yeye ashukuru.

Tukapanda juu. Damu ya mtoto ilikuwa inashuka kwenye sweta yangu. Sauti ikasikika kwenye spika, sauti tulivu, ya mtu anayesoma matangazo ya mazishi ya watu asiowajua: "Kutokana na shughuli nyingi uwanjani, tutazunguka kidogo. Tunaomba radhi kwa kuchelewa."

Kuchelewa. Mtu karibu azikwe na mtoto wake mapajani, na anaombwa radhi kwa kuchelewa.

Mzee wa mbuzi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Hakuwa anacheka tena. "Tumekosana na hiyo ingine kidogo tu, mathe," akaniambia. "Kidogo tu. Saa hii mbuzi wangu wangekuwa wanagawanywa."

Kumbuka hilo neno, tumekosana. Nililichukua kwake, na ndilo lililoniletea balaa nyumbani.

Tulipotua, watu walipiga makofi. Sikupiga. Mlangoni msichana wa ndege akatuambia karibuni, tunatumaini mmefurahia safari. Nilimwonyesha mdomo wa mtoto. Akasema pole mama, weka barafu. Barafu nitatoa wapi, kwenye mfuko wa nepi?

Nikaenda kwenye dawati la kampuni. Huko kulikuwa na msichana mwingine, skafu shingoni, kucha ndefu. Nikamuuliza ile ndege nyingine ilikuwa inafanya nini pale.

"Mama, hiyo ni kawaida. Rubani alifuata utaratibu."

"Sijauliza kuhusu rubani. Rubani ndiye ametuokoa. Nauliza ile ingine iliambiwa na nani ipite."

"Hiyo si upande wetu. Hiyo ni ya watu wa mnara, wale wanaoongoza ndege."

"Watu wa mnara wako wapi?"

Akaelekeza kalamu juu, kwenye dari, kama mtu anayeulizwa malaika wanakaa wapi.

Simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima. Nikampigia mama mkwe. Nilikuwa nalia, na nikasema maneno haya, neno kwa neno, kwa sababu nimeyarudia mara nyingi mbele ya mashahidi: "Mama, tumekosana. Kidogo tu tungeuana. Mtoto ameumia mdomo lakini tuko sawa. Nakuja nyumbani."

Akasema, "Ngoja, mmekosana na..." na simu ikazima.

Sasa fikiria wewe ni mama mkwe wa Molo. Mke wa mwanao ametoka kwa mwanao. Anapiga simu analia. Anasema wamekosana, wangeuana, mtoto ameumia mdomo, anakuja nyumbani. Unampigia mwanao, hapatikani, kwa sababu hajapanda kile kilima chake. Ungefikiria ndege?

Lazima nieleze desturi ya kina mama wa kanisa letu. Nyumba ya mtu ikichafuka, hawangoji Jumapili. Wanakuja siku hiyo hiyo. Wanafungua kwa maombi, na chupa ya chai inawekwa katikati ya meza, imejaa, vikombe vimefunikwa kitambaa. Halafu swali ni moja tu: nani alikosa? Chai hainywewi mpaka mtu mmoja aseme kwa mdomo wake, "Nilikosa mimi." Akishasema, wanafunga kwa maombi na wanamimina. Nimeona wanaume wakubwa, wenye matrekta, wanakubali makosa kwa sababu chai inapoa na kina mama hawainuki.

Nilipoingia nyumbani jioni, mtoto amelala begani, niliwakuta wameketi. Mama mkwe, macho mekundu. Mama mwenyekiti, mwili kama kabati na sauti ya kuitana shamba kwa shamba. Na jirani yetu mmoja aliyeolewa kutoka Keringet, ambaye hajawahi kukosa kikao hata cha watu asiowajua. Chupa ya chai ilikuwa katikati.

Nilichomeka simu kwenye chaji, nikidhani wamekuja kunipa pole. Nikaguswa, hata machozi yakanitoka.

"Kaa, mama," mwenyekiti akasema. "Hapa hakuna wa kukuhukumu. Tumeshaomba. Sema tu. Nani alianza?"

"Sisi tulikuwa tunashuka vizuri," nikasema. "Hatuna neno na mtu. Mara hiyo ingine ikatuingilia."

Wakatazamana. Mama mkwe akashika kifua. "Kuna ingine?"

"Iko. Niliiona na macho yangu."

"Wapi?"

"Dirishani."

"Dirishani," jirani wa Keringet akarudia polepole, kama mtu anayeonja asali.

"Na ni kubwa kuliko yetu," nikasema. "Nyeupe."

"Mzungu," jirani akasema. "Si niliwaambia? Hao wa mashirika."

Mwenyekiti akamnyamazisha kwa mkono. "Na huyo mweupe, alipokuona, alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Aliendelea tu kupita na mkia wake wa bluu."

Mtoto akakoroma begani kwangu.

"Mkia?" mama mkwe akauliza.

Ndipo tukaelewana. Nilieleza tena kutoka mwanzo, polepole, nikitumia mikono, huyu wetu anashuka, huyu anapita. Mama mkwe alitoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu mchana. Halafu akakasirika.

"Si ungesema ni ndege."

"Nilisema."

"Ulisema mmekosana. Mimi nimelia hapa mchana wote. Nimeacha ng'ombe. Nimeita watu. Nimeshamwambia Mungu nina mtoto mwenye kupiga watu."

Wakaanza kucheka. Walicheka vile watu wanacheka wakiondolewa mzigo, jirani akapangusa macho na leso, mwenyekiti akarudia "mkia wa bluu" na kujipiga paja. Nami nilicheka kidogo, sitakataa. Halafu mwenyekiti akainua mikono. "Haleluya. Basi ni Mungu tu. Jumapili utasimama na mtoto utoe ushuhuda." Na mkono wake, bila hata kufikiri, ukaenda kwenye chupa ya chai.

Sijui ni nini kilinipanda. Niliweka mkono wangu juu ya ile chupa.

"Hakuna kunywa," nikasema. "Nani alikosa?"

"Mama, hiyo imekwisha."

"Imekwisha vipi? Mlipodhani ni mume wangu mliacha ng'ombe hawajakamuliwa. Mmetoka kwenu mbio kuja kuuliza nani alikosa, na hapo hakuna mtu alikuwa amekosa. Sasa mnaambiwa ndege mbili zimejaa watu, mama na watoto, karibu zipondane kama viazi kwenye sufuria, na mnaitisha vikombe. Mume wangu akinigusa na kofi mtaketi hapa mpaka usiku. Mtu wa mnara karibu aniue na mtoto wangu, huyo haketishwi? Huyo anaombewa?"

Mwenyekiti hakuzoea kujibiwa na mtu wa umri wangu. "Una mdomo, wewe," akasema.

"Mdomo ulioumia ni huu," nikasema, na nikamgeuza mtoto wauone. Ulikuwa umevimba kama nyanya, na uzi wa damu umekauka kidevuni. Hakuna aliyecheka tena.

"Na mwisho wa mwezi," nikasema, "baba yake anakuja na njia hiyo hiyo. Mwambieni basi huyo mwenye kosa ni nani, ili ajue kama bado amekaa pale juu."

Hapo mama mkwe akabadilika. Mpaka wakati huo lilikuwa jambo langu. Sasa lilikuwa la kijana wake. Alitoa ile chupa chini ya mkono wangu, akaisogeza mbali na mwenyekiti.

"Simu imepata moto?" akaniuliza. "Pigia hao watu."

Nambari ilikuwa kwenye kipande cha karatasi walichofunga kwenye begi langu. Nikaweka simu kwa sauti kubwa, katikati ya meza. Kwanza tulichezewa muziki. Halafu kijana akapokea, sauti laini ya Nairobi, akajitambulisha na kuuliza atatusaidia vipi. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe alikuwa ameinama juu ya simu kama anayepuliza jiko.

"Kijana, hapa ni Molo. Tunataka kujua nani alikosa."

"Pole sana, mama. Ulikosa ndege ya saa ngapi?"

"Hatukukosa ndege. Ndege ndiyo ilitukosa."

Kabla kijana hajajibu nikamweleza safari yetu, ndege iliyokata mbele, mtoto. Nikasikia anabonyeza vitu.

"Ndiyo, mama, naona hapa. Hilo jambo linashughulikiwa na wahusika."

"Wahusika ni nani?" mwenyekiti akauliza. Alikuwa amesahau kwamba kikao kimekwisha.

"Ni wale... wanaohusika."

"Na kati ya hao kuna aliyesema amekosa?"

"Mama, hatuwezi kusema kuna kosa. Ndege hazikugusana. Kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Hakuna aliyekosa."

Mama mkwe aliivuta simu karibu. Ni mwanamke ambaye amegombana na madalali wa viazi maisha yake yote, na anajua mtu anapomwambia gunia ni moja kumbe limeongezewa kilemba cha wavu.

"Kwa hivyo zilikosana bila mtu kukosa," akasema.

"Ndiyo, mama. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Mwenyekiti akakata simu yeye mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama mtu anayeua chawa. Halafu akasimama, akafunga leso, na akasema hawezi kufunga kwa maombi, kwa sababu hajui afunge nini. Waliondoka bila kunywa chai. Kwa kina mama wa kwetu hilo ni jambo kubwa, na jirani wa Keringet alihakikisha kwamba kufikia asubuhi hakuna boma ambalo halijalisikia.

Jumapili nilisimama, maana ukikataa kusimama unaonekana huna shukrani. Nilimbeba mtoto mbele. Nikasema, "Namshukuru Mungu tuko hai. Sasa namtafuta mtu." Nilitaka kuendelea lakini mchungaji alianzisha wimbo haraka, na wimbo ukishaanza huwezi kushindana nao. Nje, mzee mmoja wa kanisa akaniambia kwamba hasira haimfai mama anayenyonyesha. Nikamwambia maziwa yangu yako sawa.

Mume wangu alipanda kilima chake, akapiga. Maneno ya jirani yalikuwa yameshamfikia, na jambo la kwanza alilouliza ni mzungu wa mkia wa bluu ni nani. Nilimwambia yote. Akauliza mdomo wa mtoto ukoje.

"Njoo na barabara," nikamwambia.

"Barabara hiyo nayo unaijua."

"Basi usije."

"Sasa wewe, niache kuja nyumbani kwa sababu ya ndege ambayo haikugonga?"

Hapo ndipo nilipotaka kuitupa simu kwenye shimo la choo. Kila mtu ana sentensi hiyo. Haikugonga. Hamkuguswa. Mko sawa. Kwani kosa huanza mtu akishazikwa? Ukimkuta mtu ameacha mtoto wako kando ya kisima bila kifuniko, unangoja nini ndipo uulize? Nilimuuliza hivyo hivyo, yeye ambaye kazi yake ni visima. Akasema, "Hapo umenipata." Lakini tikiti ilikuwa imeshakatwa na kampuni yake.

Mwisho wa mwezi akaja na ndege hiyo hiyo, uwanja huo huo. Siku hiyo nilikuwa nachagua viazi vya mbegu na vya kuuza, na nilivichanganya vyote, ikabidi nianze upya. Mama mkwe hakunisema. Yeye mwenyewe alikuwa amesukuma lango la ng'ombe na kuliacha wazi, na ndama walikuwa kwenye kabeji. Kila nikipiga, simu yake haipatikani. Hakuna aliyekuwa ametupigia kutuambia kitu. Wale wahusika walikuwa bado wanahusika.

Alifika jua likiwa bado liko, amebeba begi mgongoni, vumbi la kaskazini kwenye viatu. Mtoto alimkimbilia na kuanguka, akaamka, akamkimbilia tena. Kwenye mdomo wake wa juu kuna alama nyeupe, ndogo, unaiona akicheka. Baba yake aliigusa kwa kidole.

Ndani, mama mkwe alikuwa ameweka chai mezani. Mume wangu akaketi, akanyoosha miguu, akanyoosha mkono.

"Umepita pale," mama yake akasema.

"Nimepita, mama. Tulitua vizuri. Si unaona? Hakuna kitu."

"Nakuuliza, kuna aliyesema alikosa?"

"Hakuna."

Mama mkwe akaichukua chupa ya chai, akairudisha kabatini, akafunga mlango wa kabati. "Basi kikao bado," akasema. "Wewe si ni mtu wa visima? Kunywa maji."

Nilicheka, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Halafu nilipokuwa namimina yale maji hasira ikanirudia mkononi, mpaka kikombe kikafurika, kwa sababu nilifikiria yule wa pale juu mnarani, yeyote aliye, saa hiyo hiyo alikuwa anakunywa chai yake, ya moto, na hakuna mtu hata mmoja aliyeweka mkono juu ya chupa.